Randa ya Nusu Bei

…nusu bei, nimesikia, Mama Spana, hii ni mara ya tatu unasema nusu bei na mara ya tatu natikisa kichwa kana kwamba ninachowaza ni bei, kumbe bei ndiyo kitu pekee ambacho sijakiwaza tangu nilipoingia humu dukani, nimesimama tu mbele ya meza yake ndefu iliyojaa drili na misumeno ya watu waliokwisha kuacha kazi, nimeishika randa ya umeme kwa mikono miwili kama mtu aliyepokezwa mtoto wa mgeni, kijani ni ileile, mwili uleule mnene, kishikio cha mbele kilekile cha duara, hata tundu la kutemea maranda liko upande uleule, randa ya baba kabisa, toleo ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza zamani, na mimi nimelitafuta wiki tatu, duka hadi duka, tangu siku niliyoiua ya baba nikarudi nyumbani nikamwambia iko kwa fundi wa mota, baba, itarudi… "Unachukua au huchukui, binti fundi?" Subiri kidogo, mama. "Subiri, subiri! Aliyesubiri jana leo hajaikuta." Anacheka peke yake, anapenda utani huyu mama, ana spana kubwa anayoelekezea vitu kama mwalimu na fimbo yake, akielekeza huku anasimulia, kila chombo dukani kwake kina hadithi, hii ya fulani alihama, ile ya fulani mkewe alisema ama mimi ama msumeno, nami nasikia nusu na nusu inanipita, kwa sababu kichwani mwangu ni asubuhi, ni kila asubuhi, baba ameketi kwenye kiti chake mlangoni kwa karakana, chai haijamiminwa, ananitazama, anasema, "Imerudi?" Neno hilo moja. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na nusu ya maneno, mengine yote yanachechemea yakitoka, anataka sufuria anasema kitanda, niletee kitanda nioshe mikono, tunacheka wote wawili mpaka machozi, lakini hilo moja linatoka zima, limenyooka, kama vile alilifanyia mazoezi usiku kucha. Imerudi? Bado, baba, fundi anasubiri kifaa. Kifaa gani, Mungu wangu, nimemsingizia fundi wa watu wiki tatu nzima, na fundi wa watu siku ileile aliifungua mbele yangu, akanusa, akanionyesha waya za ndani zilivyokuwa nyeusi tititi, akasema pole, dada, kuisuka mota hii upya utalipa kuliko kununua nyingine, hii izike tu. Basi nimeizika, iko chini ya kitanda changu ndani ya shuka kuukuu, na usiku nalala juu yake. Njia ya mwongo ni fupi, alikuwa akisema marehemu mama, na yangu imefika mwisho hapa kwenye meza ya Mama Spana, maana hii ndiyo itakayonitoa, naifuta vumbi, naifunga kwenye kile kitambaa cha bluu baba alichokuwa akiifungia, naingia nayo naiweka mbele yake, baba, imerudi, na basi, mambo yaishe, hakuna aliyeua, hakuna aliyedanganya.

Haya, kwanza iangalie kama fundi, usiiangalie kama mwizi. Usiiwashe. "Niichomeke uisikie?" Hapana, mama, ngoja, mashine zote zinaimba dukani, alikuwa akisema baba, kama vile wageni wote wana adabu siku ya kwanza, wewe itazame ikiwa imenyamaza. Basi shingo ya waya, pale unapoingilia mwilini, pinda uone kama mpira umepasuka, haujapasuka, vizuri, vichwa vya skrubu, kimoja kina makwaruzo, kwa hiyo iliwahi kufunguliwa, si kosa, kufunguliwa maana yake kuna mtu aliijali, kisha geuza rola ya visu kwa dole gumba, polepole, kidole ndicho kisikilize… inazunguka, inazunguka, inasita. Tena. Inazunguka, inasita palepale. Beringi imeanza kuchoka, ya kubadilisha, si ya kulilia. Halafu pua. Naiinua usoni pale inapopumulia. "Sasa unainusa, ni mboga?" Mama, mashine iliyoungua hunuka miaka. "We kweli mtoto wa Kiganja." Mtoto wa Kiganja, ndiyo, mji mzima wanamwita hivyo baba, kwa sababu hapitishi randa juu ya ubao kabla hajapitisha kiganja, ubao wowote, hata uwe umetoka kiwandani asubuhi hiyo, anaupapasa wote kutoka mwanzo hadi mwisho amefumba macho, kutafuta msumari, na mimi nikiwa na miaka kumi na minne nikajifanya mjuzi, nikaruka kiganja, ubao wa mlango wa zamani, nikapitisha randa juu ya msumari, visu vikapiga kelele vikang'oka meno, mwenye kazi akaja juu, nani kaharibu, na baba akasema ni mimi, bwana, macho siku hizi, kumbe alikuwa na macho ya kuona sisimizi gizani. Hakunigombeza. Jioni alinichukua kiganja changu akakiweka chini ya chake, akakipitisha juu ya ubao, akasema hiki ndicho kisu cha kwanza.

Hainuki. Inanuka grisi na vumbi la mbao na kidogo tumbaku ya mtu, lakini moshi hakuna, mimi harufu ile naijua sasa, sitaisahau, siku ile nilikuwa nyumbani kwa mteja, milango sita imevimba kwa mvua, soketi iko mbali, nikaunga waya wa kuongezea, ule mwembamba mrefu, nikauacha umezungushwa kwenye gurudumu lake. Mtu asiniambie sikujua. Nilijua. Sheria ya baba ya pili baada ya kiganja, waya wa kuongezea hutandazwa wote, hata kama unahitaji hatua mbili tu, utandaze uwanja mzima kama kamba ya nguo, ukiufunga unajipika wenyewe na mashine inakabwa koo. Nilijua, ila jirani anayekaa na baba alikuwa anaondoka saa sita, na jana yake baba alikuwa amejaribu kujichotea maji nikamkuta ameegemea ukuta anatetemeka, anatabasamu kwa upande mmoja, kana kwamba ukuta ndio ulioomba kuegemewa. Kwa hiyo haraka. Mlango wa tano nikasikia sauti imebadilika, imekuwa nzito, sauti ya mtu anayepanda mlima na mzigo, na nikaisikia, nikasema mmoja tu, mmoja tu umebaki, vumilia, nikakandamiza. Ikatoa moshi mikononi mwangu. Nikaketi chini juu ya maranda nikalia, mke wa mwenye nyumba alidhani nimejikata kidole, akaniletea maji na kitambaa, anatafuta damu haioni. Nikarudi nyumbani, baba akanivuta kichwa kwa mkono wa kushoto, akakilaza kifuani pake, akakaa hivyo muda mrefu, nikafikiri leo nimemkosea kwa kuchelewa, kisha akasema kaoge. Kaoge, mwanangu. Nikaona jasho limezidi, nikaenda kuoga, na nilipotoka bafuni uongo ulikuwa umeshapangwa, umevaa na viatu.

"…ya mzee mmoja mashoto, fundi wa milango, mtu safi sana, mtoto wake kamchukua akapumzike, alipoileta aliibusu, nakwambia, aliibusu hapo hapo ulipo, nikamwambia mzee, hii si mchumba…" Ndiyo, mama. Kwa nini nilimdanganya? Kwa sababu hospitali, siku ya kumi na moja, maneno yalipoanza kurudi, neno la kwanza halikuwa jina langu. Mashine? aliuliza. Mashine? Nami nimekaa kwenye kiti cha bati siku kumi na moja, mgongo umekufa, nikasema baba, mimi nipo hapa, mtoto wako wa kumzaa, unauliza mashine? Akatabasamu nusu. Sikukasirika, au nilikasirika kidogo, wivu wa mashine, aibu gani hii, lakini nilimwelewa, mashine hiyo ndiyo iliyonilea pamoja naye, mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, hapakuwa na wa kuniachia, nikawa nalala mchana juu ya gunia la maranda karibu na miguu yake na ile randa ikinguruma, nilikuwa nikishtuka inapozimwa, si inapowashwa, ikizimwa nadhani ameondoka. Na sasa karakana iko kimya wiki tatu. Ninatumia randa ya mkono, shwaa, shwaa, mlango wa siku moja unachukua siku tatu, na baba anasikia, ameketi palepale anapapasa mbao zangu kwa kiganja cha kushoto, moja moja, ananisogezea zilizo salama, juzi alinipatia kichwa cha msumari ambacho macho yangu mazima hayakukiona, akanigongea hapo kwa ukucha, tk tk. Wala hajawahi kuuliza fundi gani wa mota. Yeye anayewajua wote.

"Basi chukua hii mpya." Spana imenyooshwa kwenye rafu nyuma yangu. "Haina waya, ya betri, nyepesi, utafanya kazi kama unapaka mafuta. Nitakukatia bei." Nageuka naitazama, kweli inang'aa, haijui hata ubao ni nini, na naona ningeitaka, kipya kinyemi ingawa kidonda, haina waya wa kutandaza, haiwezi kukabwa koo na mjinga mwenye haraka… lakini nikiinyanyua tu nasikia sauti ya baba, nyepesi inarukaruka juu ya ubao, mwanangu, nzito inakaa, nzito wewe unaielekeza tu, uzito wake ndio mkono wako wa tatu. Ile ya kijani ni nzito. Nairudisha mpya kwenye rafu. Naishika ya kijani sawasawa, mkono wa kulia mpini wa nyuma, wa kushoto kishikio cha mbele, na dole gumba langu lenyewe, bila kuambiwa, linaenda kutafuta upara. Ya baba ina upara, upande wa kushoto wa mpini, pale dole gumba lake la kulia lilipolala miaka yote ile hadi rangi ikaisha na plastiki ikalainika, mahali padogo kama kifungo cha koti, nilipokuwa mdogo nikiweka dole langu pale linazama, nafasi inabaki pembeni. Dole langu sasa linatafuta. Rangi. Rangi tu, nzima, ngumu. Loo. Hii si yetu. Mjinga mimi, ninajua si yetu, ya kwetu iko chini ya kitanda, lakini dole lilikuwa halijaambiwa, na sasa nimeshtuka kama mtu aliyemkumbatia asiyemjua sokoni… na baba je? Nitamwekea mapajani, ataipitishia kiganja, kile kinachosoma msumari uliozama chini ya rangi mbili, pumzi moja tu atajua. Atajua, halafu atanitazama, halafu kwa ajili yangu atasema imerudi. Atanikingia kama alivyonikingia kwa mwenye mlango, ni mimi, bwana, macho siku hizi. Atabeba tena. Na mimi nitakuwa nimenunua, kwa nusu bei, baba mzima wa kunisaidia kudanganya.

Weka chini basi. Iache. Weka chini uende nyumbani ukaseme… siwezi kuiweka chini, kidole kingine kimegusa kitu, upande wa pili, upande wa kulia wa mpini, hapa, hapa pana upara. Mdogo, laini, umezama. Nageuza mpini kwenye mwanga wa mlango, kweli, kijani imeisha hapa, upande ambao hakuna dole gumba la mtu wa mkono wa kulia linaloweza kufika. Mama Spana, umesema ilikuwa ya nani? "Si nimekwambia, masikio umeyaacha nyumbani? Mashoto. Mzee mashoto. Kila kitu kwa kushoto, hata salamu, watoto wanamcheka." Mashoto. Naihamisha. Mkono wa kushoto nyuma, dole gumba linalala lenyewe, linazama, nafasi inabaki pembeni. Wa kulia ninauweka tu juu ya kishikio cha mbele, siukazi, ninauacha umekufa kidogo, kama wa baba, uzito wa kiganja tu… na mashine inakaa. Ni nzito, inakaa yenyewe juu ya meza, haiombi nguvu. "Hee, na wewe mashoto?" Hapana, mama. "Basi fungua uone makaa yake ya mota, vile vipande vya kaboni, usije ukasema nimekuuzia mbuzi kwenye gunia. Una bisibisi? Yangu imemezwa na meza hii." Sina, naamini sina, nimetoka na futi na penseli tu, naingiza mkono mfuko wa ndani wa begi kutafuta hata sarafu ya kufungulia…

Hii hapa. Fupi, nene, mpini wa mbao alioutengeneza baba mwenyewe, uzi mwekundu shingoni. Bisibisi ya sokoni. Hii haifanyi kazi ya karakana, haijawahi, baba ana bisibisi ishirini za kazi na hii moja ya kwenda kununulia mashine, ya kufungulia vifuniko vya makaa mbele ya muuzaji ili ajue amekutana na mtu, kila mashine iliyoingia kwetu ilipita kwenye hii kwanza, na tangu augue iko kwenye kopo dirishani kwake, juu. Mimi sikuichukua. Mimi sikuigusa. Leo asubuhi alisema kitanda, kitanda, akionyesha begi langu, nikacheka nikampa begi, nikaenda kuzima jiko, niliporudi alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, akanirudishia begi kwa mkono wa kushoto, samahani kwa mkono, akasema, kama anavyosema kila mara anaponipa kitu, kila mara, kikombe, sahani, ufunguo, samahani kwa mkono, hata mimi mwanawe ananiomba radhi. Alisimama akafika dirishani. Baba alisimama. Kwa mkono mmoja akalishusha kopo. Kwa hiyo alijua ninakokwenda. Mtu ambaye mashine yake iko kwa fundi hampi mwanawe bisibisi ya kununulia. Tangu lini, baba? Tangu… kaoge. Kaoge, mwanangu. Alikilaza kichwa changu kifuani, akaninusa nywele, zilikuwa na moshi, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mashine iliyoungua hunuka. Siku ya kwanza. Alijua siku ya kwanza kabla sijafungua mdomo, na kila asubuhi wiki tatu ananifungulia mlango uleule, imerudi? imerudi? ili nipite, na mimi kila asubuhi naufunga, bado, baba, kifaa. Jamani, baba. Jamani.

"Binti fundi, unalia au unanusa tena?" Vumbi, mama. "Vumbi langu halijawahi kumliza mtu." Naweka bisibisi kwenye kifuniko, nageuza, kinatoka bila kugombana, navuta makaa, yamelika, yamebaki nusu, upande wa pili vilevile nusu, yamelika sawasawa, maana yake mota imekaa vizuri, haikuwahi kukabwa. Nusu yanatosha kuanzia. Beringi nitabadilisha. Visu nitanoa. Ni nzuri hii, ni nzuri kweli, nainunua kwa macho yote mawili wazi, haitafungwa kwenye kitambaa cha bluu, kitambaa hicho ni cha yule marehemu wa chini ya kitanda, naye leo anatoka, nitawaleta wote wawili niwaweke mezani mbele ya baba mmoja huku mwingine huku, nami nitakaa chini kwenye maranda pale nilipokuwa nikilala, nitasema, baba, ile niliiua mimi, waya sikuutandaza, nilijua na sikuutandaza, nikakudanganya, na yeye atatafuta neno, litachechemea, pengine litatoka sufuria, nitalipokea hivyohivyo. Halafu nitaubana ubao laini kwenye meza, mfupi, nitautandaza waya uwanja mzima hadi getini, wote, atapitisha kiganja kwanza, nami nitasimama nyuma yake mkono wangu karibu na swichi, wa kulia wake umelala tu juu ya duara, na mashine itakaa… "Kwa mara ya mwisho, unachukua au huchukui?" Mama Spana amenisimamia, spana begani, na mimi bado nimesimama palepale, randa mikononi, dole gumba la kushoto ndani ya upara wa mzee nisiyemjua, kichwani namwona baba akinyoosha mkono wa kushoto kuipokea na mdomo umeshaanza, samahani kwa… na nimeshajua nitakachomwambia, hapana, baba, hii usiiombee radhi, hii mkono wake ni huohuo.